Hukumu ya Kufuga Samaki wa Mkonga Majumbani, na Haki Yake ya Kuwa na Wenzake

Tumeulizwa na mpwa wetu anayeishi kusini mwa Uingereza mas-ala ambayo mwanzo tuliyaona madogo, kisha kila tulipoyatazama yakazidi kuwa mapana. Yeye hufuga samaki wa mapambo katika tangi la kioo sebuleni kwake. Alinunua samaki watatu wa aina ambayo watu wa huko huiita samaki wenye pua ya tembo, akawaweka pamoja kwa kuwa aliambiwa dukani kwamba hawapendi upweke. Baada ya miezi miwili mmoja akafa, mapezi yamechanika na tumbo limebonyea, na hali chakula kilitiwa tangini kila siku. Akatupigia simu usiku: "Mjomba, nina dhambi? Na hawa wawili waliobaki niwafanyeje, maana mkubwa sasa anamwandama mdogo na hamwachi kutoka mafichoni?"

Swali la kwanza tulilijibu papo hapo: mtu asiyejua, na ambaye hakuzembea katika kile alichokijua, hana dhambi, ila kuanzia siku aliyojua ana jukumu. La pili tulimwomba muda. Wanavyuoni wetu wana kanuni kwamba kulihukumu jambo ni tawi la kulijua lilivyo. Na sisi, tuliosoma nahau na fiq-hi zaidi kuliko mambo ya samaki, tulikuwa hatumjui mnyama huyu hata kidogo. Haya yanayofuata ndiyo tuliyoyapata. Tumeyaandika hapa kwa sababu vijana wetu wengi, wa huku na wa ughaibuni, sasa wana matangi majumbani, na maswali ya namna hii yanazidi.

Samaki huyu ni nani

Wataalamu humwita Gnathonemus petersii. Alielezwa kitaalamu mwaka 1862 na Mwingereza mwenye asili ya Kijerumani, Albert Günther, na jina la pili ni heshima kwa Wilhelm Peters, Mjerumani aliyesafiri Msumbiji katika miaka ya 1840 akikusanya wanyama. Makazi ya samaki huyu ni mito ya Afrika ya Magharibi na ya Kati, kuanzia bonde la Niger hadi bonde la Kongo, mahali penye maji yaendayo polepole, matope laini chini, magogo na mizizi iliyozama. Hukua hata akapita sentimita 20, na waliopimwa mitoni wamefika 35. Mwili wake ni wa rangi ya kahawia iliyokoza karibu na nyeusi, na ubavuni kuelekea mkiani ana mistari miwili myeupe kama mabano.

Huo unaoitwa mkonga si pua. Ni kidevu kilichorefuka, na mdomo uko juu yake. Hukipeleka kidevu hicho huku na huku juu ya mchanga kama kipofu anavyopeleka fimbo yake, akitafuta vijidudu na viluwiluwi vya wadudu vilivyojifukia.

Ukoo wake ni mkubwa, una aina zaidi ya 200, na zote ni za Afrika, hakuna hata moja nje ya bara hili. Ndugu msomaji wa Mwanza au Musoma anao jamaa zake karibu: wavuvi wa Ziwa Victoria upande wa Tanzania huwaita domodomo. Jamaa hao hao wamo katika mto Nile, na wana historia ndefu kuliko tulivyodhani. Kulikuwa na mji Misri ya Juu ambao Wagiriki waliuita Oxyrhynchus, yaani mwenye pua iliyochongoka, kwa jina la samaki wa ukoo huu ambaye watu wa mji ule walimtukuza kabla ya Uislamu, hata wakamtengenezea sanamu za shaba. Mji huo ndio Al-Bahnasa, ambao wasomaji wetu wa historia wanaujua kwa habari za ufunguzi wa Misri na makaburi yanayozuriwa huko. Hata jina la kitaalamu la domodomo wa Nile, Mormyrus kannume, ni neno lililotoka vinywani mwa Waarabu wa Misri. Lilichukuliwa na Pehr Forsskål, mtaalamu katika msafara wa Kidenmarki uliokwenda nchi za Waarabu. Yeye akafia Yemen mwaka 1763, na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1775 na mwenzake Carsten Niebuhr, ambaye peke yake katika msafara ule alirudi kwao akiwa hai. Mara nyingi tunawalaumu Wazungu kwa kutupa majina ya wenyeji. Hapa haki yao tuwape, jina wamelihifadhi.

Umeme wake

Jambo linalomtenga samaki huyu na wengine ni kwamba anatoa umeme. Kwa mtu aliyesoma vitabu vya Kiarabu hili si geni kabisa. Abdul-Latif Al-Baghdadi, tabibu aliyekwenda Misri katika zama za Ayyubi (alifariki mwaka 629 H., sawa na 1231 M.), ameeleza katika kitabu chake kuhusu Misri samaki wa Nile aitwaye ra'ad, ambaye mtu akimshika angali hai hutetemeka asiweze kujizuia, na samaki akifa hali hiyo huondoka. Huyo ni kambare wa umeme, mwenye umeme mkali wa kuwindia na kujikingia. Samaki wetu wa mkonga si wa ukoo huo, na umeme wake ni dhaifu mno, wa volti chache tu. Mtu akitia mkono majini hahisi chochote. Hii ndiyo sababu hakujulikana kuwa na umeme mpaka vyombo vya kupimia vilipopatikana. Mwaka 1951 Hans Lissmann, wa chuo kikuu cha Cambridge, alionyesha kwamba samaki mmoja wa Nile, jamaa wa karibu wa ukoo huu, hutoa umeme mkiani bila kukoma. Na mwaka 1958 yeye na mwenzake Machin wakaeleza jinsi anavyoutumia kuvitambua vitu vilivyomzunguka.

Kwa samaki wa mkonga kiungo cha umeme kiko kwenye shina la mkia, kimetokana na misuli iliyobadilika. Hutoa pigo moja moja, kila pigo fupi kuliko sehemu ya elfu ya sekunde. Akipumzika hutoa mapigo machache kwa sekunde, akichangamka au akitafuta chakula hufika makumi kadhaa. Ngozi yake, hasa kichwani na kwenye ule mkonga, imejaa vipokezi vinavyohisi umeme huo ulivyopindishwa na kila kitu kilicho karibu: jiwe huupinda kwa namna yake, mnyoo kwa namna yake, jani kwa namna yake. Kwa njia hii huona gizani na katika maji ya tope. Lakini uoni huu ni wa karibu sana, kiasi cha urefu wa mwili wake au pungufu.

Vipokezi vyake si vya aina moja. Viko vya kuhisi pigo lake mwenyewe likirudi, viko vya kuhisi umeme mdogo unaotoka kwa viumbe wengine kama wadudu, na viko vya kusikia mapigo ya wenzake tu. Hivi vya mwisho hufungwa na ubongo kwa kitambo kidogo kila anapotoa pigo lake mwenyewe, asije akajidhania kuwa ni mwingine. Na sauti hii ya umeme husikika mbali kuliko uoni wake, kiasi cha mita moja hivi. Msomaji aikumbuke mita hii moja, maana tutairudia.

Kazi yote hiyo inataka ubongo mkubwa. Mwaka 1996 Göran Nilsson, mtaalamu wa Skandinavia, alipima akakuta kwamba ubongo wa samaki huyu ni kama asilimia 3 ya uzito wake, na unatumia karibu asilimia 60 ya oksijeni yote ya mwili. Ubongo wa mwanadamu ni kama asilimia 2 ya uzito wake, na hutumia asilimia 20. Tuliposoma hesabu hii tulilifunga daftari kwa muda, tukakaa kimya.

Je, kweli hapendi upweke?

Muuza samaki alimwambia mpwa wetu kweli, lakini hakummalizia. Samaki huyu si kama chui anayeishi peke yake. Wenzake ni sehemu ya maisha yake, na hili si dhana ya wafugaji peke yao. Samaki mmoja akitoa pigo, mwenzake hulijibu kwa pigo lake baada ya kiasi cha sehemu 12 za elfu za sekunde, kwa utaratibu kabisa. Huko Bonn, Ujerumani, wataalamu walitengeneza samaki wa bandia anayetoa mapigo haya, na samaki hai wakamfuata na kujibizana naye.

Uchunguzi ulio mzito zaidi kwa mas-ala yetu ulichapishwa mwaka 2024 na Federico Pedraja na Nathaniel Sawtell wa chuo kikuu cha Columbia, Marekani. Wao walionyesha kwamba samaki hawa wanapokuwa kikundi, kila mmoja hufaidika na umeme wa mwenzake: pigo la jirani humulika vitu ambavyo pigo lake mwenyewe haliwezi kuvifikia, na ubongo wake una uwezo wa kulisoma pigo hilo la jirani. Hivyo uoni wa kila mmoja huongezeka hata kufikia mara tatu. Ni kama watu watatu wanaopita msituni usiku kila mmoja na taa yake: mwanga wa taa ya mwenzako unakuonyesha shimo ambalo taa yako haikulifikia. Ukimweka mmoja peke yake, si kwamba umemnyima mazungumzo tu. Umempunguzia na macho.

Kwa upande wa pili, samaki hawa wana ukubwa na udogo baina yao. Wakikutana wawili wasiojuana hujipanga ubavu kwa ubavu, kichwa cha huyu kwa mkia wa yule, wakishindana kwa mapigo ya haraka. Kisha huja kuumana na kugongana vichwa. Anayeshindwa hunyamaza kabisa, huacha kutoa umeme kwa muda, na kunyamaza huko ndiko kusalimu amri kwake. Mtoni jambo hili halina madhara makubwa, kwani aliyeshindwa huogelea akaenda zake. Sasa turudi kwenye mita yetu moja. Tangi la mpwa wetu lina urefu wa sentimita 80. Aliyeshindwa ataenda wapi? Popote atakapojificha katika tangi lile mkubwa wake anamsikia, naye anamsikia mkubwa. Akitaka asisikike anyamaze, na akinyamaza haoni chakula. Sisi hatuoni ajabu kwamba yule wa tatu alikufa na tumbo limebonyea ilhali chakula kipo.

Kutokana na hayo ndipo tulipofahamu kauli ya wafugaji wazoefu, ambayo kwanza tuliiona kama kinyume cha akili: ama mmoja, ama watano, sita na zaidi, wawili na watatu ndio hesabu mbaya kuliko zote. Wakiwa wawili, mkubwa ana mtu mmoja wa kumwonea. Wakiwa watatu, mara nyingi wawili humgeukia wa tatu. Wakiwa sita katika nafasi ya kutosha, ghadhabu ya mkubwa hugawanyika, hakuna mmoja anayeibeba yote, na kikundi hutulia baada ya siku kadhaa.

Kauli za wanavyuoni

Asili ya kufuga kiumbe kwa kumfungia ndani ni uhalali, kwa sharti. Hadithi mbili zilizo katika Sahihi mbili zinakutana hapa. Ya kwanza ni ya Abu Umayr, mtoto mdogo ndugu yake Anas, aliyekuwa na kijindege anachocheza nacho, Mtume (S.A.W.) alikuwa akimtania juu ya kijindege hicho, wala hakukataza. Imamu wa Kishafii Ibn Al-Qass At-Tabari (alifariki 335 H.) aliandika kijitabu kizima juu ya hadithi hii, akatoa humo faida zaidi ya sitini, na Ibn Hajar ameitegemea kazi hiyo katika sherehe yake ya Bukhari. Miongoni mwa faida hizo ni kujuzu kumweka ndege katika tundu. Ya pili ni hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfunga, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Kosa la mwanamke yule, kama walivyoeleza wanavyuoni, halikuwa kumfuga paka. Lilikuwa kumfunga na kumnyima.

Al-Qaffal, katika wakubwa wa madhehebu yetu, aliulizwa kuhusu kuwafungia ndege katika matundu ili kusikiliza sauti zao. Akajibu kwamba inajuzu maadamu mwenye nao anawaangalia kwa yale wanayoyahitaji, kama mnyama anayefungwa kamba. Wako waliolichukia jambo hilo, akiwemo Ibn Aqil wa Kihanbali, kwa kuliona ni kumtesa ndege. Lakini fatwa ya Al-Qaffal ndiyo iliyoenea katika vitabu vya Kishafii, na sisi tunaifuata. Neno la kuzingatia ndani yake ni "wanayoyahitaji". Hakusema chakula na maji tu.

Na ukifungua mlango wa matumizi (nafaqa) katika Minhaj ya Imamu Nawawi na sherehe zake, utakuta wanavyuoni hawakutosheka na kusema "alishe". Waliingia katika haja ya kila aina. Mwenye nyuki na aache asali kiasi cha kuwatosha katika mzinga wakati wasipopata kitu nje. Mwenye viwavi vya hariri ni juu yake kuwapatia majani ya mforsadi, kwa kuwa hawaishi kwa kingine. Mwenye mnyama mwenye mtoto asimkame kiasi cha kumdhuru mtoto. Na mwenye mnyama asiyeweza kumtimizia haki yake hulazimishwa kumlisha au kumuuza, na akiwa wa kuliwa, ama hilo au kumchinja. Wametaja kiwavi, ndugu msomaji! Kama kiwavi ana haki ya jani lake mahsusi, samaki huyu hawezi kukosa haki ya kile ambacho maumbile yake hayasimami bila yake.

Mtu anaweza kupinga akasema: haja ni ile ambayo asipoipata hufa au hudhurika, na wako waliomfuga samaki huyu mmoja peke yake akaishi miaka mingi. Pingamizi hili lina nguvu, na hatulidharau. Kwa sababu yake hatusemi kwamba kumfuga mmoja ni haramu. Tunasema hivi: kuwaweka wawili au watatu katika tangi dogo, baada ya kujua yanayotokea, hakujuzu, kwa kuwa ni kumfungia mnyonge pamoja na anayemwonea, na madhara yake yanaonekana kwa macho. Kumweka mmoja peke yake kunajuzu kwa aliyekwisha kuwa naye, kwa karaha, na apewe mahali pazuri. Ama anayetaka kuanza, na hana uwezo wa tangi la kutosha kikundi, bora amwache samaki huyu na achague mwingine. Samaki wa mapambo wako wa kila aina. Na karaha hii huzidi nguvu tukikumbuka kwamba samaki hawa hawazaliwi matangini ila kwa nadra mno. Karibu wote wanaouzwa wamevuliwa mitoni, Nigeria na Kongo, wakatiwa katika mifuko na kupandishwa ndege. Kila anayekufa huko sebuleni huitiwa mwingine kutoka mtoni.

Tangi lenyewe

Kwa anayeweza, haya ndiyo tuliyoyakusanya kutoka kwa wenye uzoefu. Tunayaeleza kwa urefu kidogo kwa sababu, kwa mujibu wa tuliyotangulia kuyasema, yamekuwa ni sehemu ya hukumu yenyewe.

Kikundi cha sita kisiwekwe katika maji yaliyo chini ya lita 400, na lita 500 ni bora. Urefu na upana ni muhimu kuliko kina, maana huyu ni samaki wa chini. Tangi la sentimita 150 kwa 60 kwa 55 ni kama lita 495. Mtu asisahau kwamba maji hayo peke yake ni karibu nusu tani. Mpwa wetu anakaa ghorofa ya pili katika nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba ana haki ya kuulizwa kabla ya sakafu yake kutwishwa mzigo huo.

Chini patiwe mchanga laini mno. Kokoto zenye makali huuchubua mkonga, na mkonga ukiharibika samaki amepoteza mkono na jicho kwa pamoja. Mwanga uwe hafifu. Kuwe na magogo na mimea, na zaidi ya yote kuwe na mafichio mengi kuliko idadi ya samaki, ili asiwepo anayefukuzwa akakosa pa kuingia. Vipande vya bomba la plastiki, ambavyo watafiti wenyewe huvitumia, vinafaa sana na ni rahisi. Plastiki haipitishi umeme, kwa hiyo aliye ndani ya bomba hupata na nafuu ya makelele ya wenzake. Juu pafunikwe vizuri, kwani huruka. Wote sita waingizwe siku moja wakiwa na ukubwa unaokaribiana. Mgeni akiletwa baadaye huwakuta wenyeji wamekwisha gawana mahali.

Maji yawe na joto la nyuzi 24 hadi 27, laini, na yasiyo na ukali wa tindikali wala wa magadi. Kusini mwa Uingereza maji ya bomba ni magumu, yana chokaa nyingi, na huenda yakahitaji kuchanganywa na maji yaliyosafishwa. Tangi jipya lisitiwe samaki kabla ya wiki nne hadi sita. Muda huo unahitajika ili bakteria wanaogeuza amonia wajijenge ndani ya chujio, na samaki huyu ni mwepesi kudhurika na amonia. Wataalamu wa Ujerumani wamepata hata kumtumia kuchunguza usalama wa maji, kwa kuwa sumu ikiingia mapigo yake hubadilika mara moja. Kwa sababu hiyo hiyo dawa za samaki, hasa zenye shaba, zisitumiwe ovyo. Na vyombo vya umeme vya tangini, pampu na kipasha-moto, viwe vizima. Chombo kinachovujisha umeme majini, hata kidogo ambacho mtu hakihisi, kwa samaki huyu ni kama ngoma iliyowekwa sikioni.

Chakula chake ni viluwiluwi vyekundu vya wadudu, minyoo midogo, na nyungunyungu waliokatwa. Walioganda kwa barafu wanafaa. Vidonge vikavu wengi wao hawavitambui kuwa ni chakula. Alishwe jioni taa zikizimwa, na chakula kitawanywe pande tatu au nne za tangi, maana kikimwagwa pamoja mkubwa hukilinda. Asichanganywe na samaki wepesi wanaokula haraka, wala wanaouma mapezi. Mtu mwenye kubwa kama huu wa ubongo ndani ya mwili mdogo, tunaona, hawezi kustahimili njaa ya siku nyingi kama samaki wengine. Kwa hiyo mwenye safari ndefu aache mtu wa kumlishia, na amfundishe.

Gharama ya yote haya si ndogo, na liko swali la israfu ambalo baadhi ya ndugu walituuliza tulipowasomea rasimu hii. Jawabu letu ni kwamba israfu hupimwa kwa hali ya mtu na haki za watu wake. Anayewanyima watoto wake ili alipie umeme wa tangi amekosea, hata samaki wake wakinawiri. Mwenye wasaa ambaye ametoa yaliyomlazimu hatumzuii.

Tulipomaliza tulimpigia mpwa wetu, tukamsomea. Tangi la lita 500 hana uwezo nalo kwa sasa, na mwenye nyumba amekataa. Usiku ule ule aliweka kipande cha kioo kuwatenganisha wale wawili ili mdogo ale. Baada ya wiki mbili akampata mfugaji wa mji wa jirani mwenye kikundi cha samaki saba katika tangi kubwa, akataka kumpa wote wawili bure. Mfugaji yule akamwambia kwamba mgeni mmoja au wawili katika kikundi kilichokwisha kujipanga ni hatari. Akawaweka kwanza katika tangi la pembeni, kisha akabadilisha mpangilio wote wa magogo na mabomba katika lile kubwa, ili wenyeji nao wawe kama wageni, ndipo akawaingiza usiku. Mpwa wetu alikwenda kuwatazama mwezi uliofuata. Anasema mdogo hakumtambua mara moja, kwa sababu alikuwa amenenepa.